Baltazari Avuka Ziwa na Lori Lake

Mtu aliyezaliwa Msanzi, huko juu Ufipa ambako upepo hukata masikio hata jua likiwaka, huyajua maji ya kisimani na ya kwenye sufuria, basi. Baltazari alikuwa hivyo. Ziwa Tanganyika alilizoea kwa macho tu. Miaka yote ya udereva wake alipeleka mahindi bandari ya Kasanga, akashusha mzigo, akala samaki aina ya mgebuka wa kukaanga kwa mama ntilie, akapandisha mlima kurudi Sumbawanga. Hata mtumbwi hakuwahi kuukanyaga.

"Gari likizima mlimani unashuka, unaweka jiwe kwenye tairi," alipenda kuwaambia madereva wenzake. "Chombo cha majini kikizima, jiwe utaliweka wapi?"

Wenzake walicheka, naye akacheka nao, lakini mwenyewe hakuwa anatania.

Mwaka ule jeshi lilikuwa linapeleka askari Kongo kulinda amani. Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa ndefu na mbovu, kwa hiyo ikakodiwa meli ya mizigo, ile ile inayobeba saruji na mahindi kila wiki, ivushe watu, magari, mahema na chakula. Magari ya jeshi hayakutosha, wakaja Sumbawanga kutafuta malori ya raia. Fuso la Baltazari lilikuwa limezeeka lakini lilitunzwa kama ng'ombe wa maziwa, likachaguliwa. Akapakia unga na maharage, akateremka nalo Kasanga, akijua kwamba kazi inaishia gatini.

Kapteni wa kikosi, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alimfuata pale alipoegesha.

"Mzee wangu, jiandae. Malori nayo yanavuka."

"Afande, mimi niliambiwa Kasanga."

"Kasanga ni njia tu. Kambi iko ng'ambo, na kutoka bandari ya kule bado kuna mwendo. Kama hutaki, nitaweka dereva wa jeshi, wewe utusubiri hapa."

Baltazari aligeuka kulitazama Fuso lake. Akamfikiria mtu mwingine amekalia kiti kile, anakanyaga ile klachi inayotaka kubembelezwa.

"Huyo dereva wenu ataiweza klachi yangu?"

"Siwezi kukudanganya. Sijui."

"Basi nakwenda mwenyewe."

Akampigia simu mkewe, Agnesi, aliyekuwa shambani anapalilia ulezi. Agnesi akaangua kicheko.

"Wewe? Mto tu ukijaa unalala ng'ambo mpaka upungue!"

"Agnesi, niombee, usinicheke."

"Nakuombea, baba. Nakuombea huku nacheka."

Kuliona Fuso likipakiwa ndiko kulikomtoa jasho. Walipitisha mikanda chini ya magurudumu, kreni ya meli ikanguruma, na lori likainuka taratibu, magurudumu yananing'inia kama miguu ya kuku aliyeshikwa mabawa. Baltazari alivua kofia. Lilipotua kwenye sitaha akaivaa tena.

Mkuu wa mabaharia, Leonardi, mzaliwa wa pwani ya ziwa, alifika na minyororo begani.

"Toa upepo kwenye matairi. Usimalize, bakiza kidogo."

"Nitoe upepo? Ndugu yangu, matairi haya nayalea kama watoto!"

"Yalee hivyo hivyo. Gari lenye matairi yaliyojaa hurukaruka mawimbi yakija. Likirukaruka mnyororo unalegea, na hapo ndipo mambo yanapoharibika."

Baltazari aliinama, akafungua vali moja baada ya nyingine, akisikiliza upepo wake ukitoka kwa mlio wa kusikitisha. Gari la wagonjwa la jeshi lilikuja mwisho kabisa, king'ora cha kuondoka kimeshalia. Kwa ile haraka likafungwa na matairi yake yakiwa yamejaa vilevile, wala hakuna aliyekumbuka.

Meli ya mizigo haina vyumba vya abiria. Askari walishuka kwenye tumbo la meli, wakajilaza juu ya magunia, turubai limetandazwa juu yao kuzuia jua. Walianza safari kwa nyimbo. Baada ya chakula cha mchana upepo wa kusini ukaamka, maji yakageuka rangi, na nyimbo zikakatika moja moja. Wanaume waliokimbia na mawe mgongoni mazoezini walishika ndoo na kuita mama zao.

Baltazari alikuwa amejifungia ndani ya Fuso, rozari mkononi, macho yamekazia usukani. Mlango ukagongwa. Alikuwa askari wa kike, midomo imemkauka.

"Shikamoo, baba. Naomba nikae humu kidogo. Kule chini harufu imenishinda."

"Marahaba, mwanangu. Panda, panda upesi."

Aliitwa Koplo Lydia, mwenyeji wa Kaoze, huko bondeni chini ya Ufipa, na ndiye dereva wa lile gari la wagonjwa. Baltazari akammegea tangawizi aliyokuwa anaitafuna yeye mwenyewe.

"Unaogopa, baba?"

"Naogopa sana. Wewe je?"

"Mimi naogopa kutapika mbele ya kapteni."

Walikuwa bado wanacheka waliposikia chuma kikipasuka. Mnyororo wa gari la wagonjwa ulikuwa umekatika. Gari lilirudi nyuma na wimbi, kisha likaja mbele, likateleza kuelekea ule mdomo mpana wa tumbo la meli, na chini ya lile turubai walikuwa wamelala watu.

Lydia aliruka kwanza. Aliufungua mlango wa gari lake likiwa linatembea, akajirusha ndani, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yalisimama lakini gari likaendelea kuteleza kwenye chuma kilicholowa. Baltazari alijikuta yuko juu ya bodi la Fuso, hakumbuki alivyopanda, anavuta gunia la unga, analisukuma chini.

"Leonardi! Leonardi, njoo!"

Gunia la kwanza lilipasuka, unga ukatapakaa. La pili nalo likapasuka. Gari lilipokanyaga ule unga ulioloa, ukawa ugali mbichi chini ya magurudumu, mwendo ukapungua. Baltazari akaruka chini, akasukuma gunia la tatu mbele ya tairi kwa bega lake. Gari likalisukuma kidogo, likatulia. Leonardi na watu wake walifika na minyororo mipya, wakalifunga, na safari hii upepo wa matairi ulitolewa kabla ya kitu kingine chochote.

Lydia alishuka, akamkumbatia Baltazari aliyekuwa mweupe kwa unga kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Halafu akakimbilia pembeni, akatapika, mbele ya kapteni.

Kapteni aliyatazama magunia, akamtazama koplo wake, akamtazama mzee.

"Huu unga," alisema, "tutaripoti kwamba ulikufa kishujaa."

Watu walicheka mpaka wale askari waliolala na ndoo kule chini wakauliza kuna nini.

Kulipokucha ziwa lilikuwa limelala, na milima ya Kongo imesimama mbele yao. Magari yakashushwa, Baltazari akajaza upepo kwenye matairi yake na ya wenzake, akapeleka chakula hadi kambini bila klachi kumsumbua. Akaagana na Lydia getini, akarudi na Fuso lake kupanda meli iliyokuwa tupu.

Kurudi hakukaa ndani ya lori. Alikaa mbele kabisa na Leonardi, wakala migebuka ya kuchoma kwa ugali. Jioni aliona ukuta wa bluu ukichomoza kutoka majini, juu yake mawingu.

"Kule ni wapi?"

"Kule?" Leonardi alishangaa. "Si ndiko kwenu? Ndiyo Ufipa hiyo."

Baltazari aliacha kutafuna. Maisha yake yote alikuwa amekaa juu ya kitu kile, na hakuwahi kujua kwamba ni kizuri namna ile.

Jeshi lilipouliza nani atakwenda tena, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alivuka mara nyingi msimu ule, na madereva wageni aliwatolea upepo kwenye matairi kwa mkono wake mwenyewe, wapende wasipende.

Kiangazi kilichofuata meli iliwarudisha askari nyumbani. Nyimbo zilifika Kasanga kabla ya meli yenyewe. Baltazari aliwapakia, wakaimba mlima mzima, wakaimba hadi Matai. Baridi ya Ufipa ilipowapata wakajikunja chini ya turubai, kimya. Lydia, ambaye sasa ni sajenti, alikuwa amekaa mbele, kichwa kimeegemea dirisha, amelala fofofo. Baltazari alipunguza mwendo kwenye matuta yote yaliyobaki, akaliacha Fuso liende polepole katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, asije akamwamsha.