Biskuti za Otis

Darlene Haskett aliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa katika bonde lao huko Oregon, Marekani. Moto wa msituni ulipouteketeza mji, alikuwa na miaka sitini na tatu. Alitoka hai. Mbwa wake, Otis, naye alitoka hai, manyoya ya mgongoni yameungua. Aliyebaki motoni ni mumewe, Wendell.

Watu walisimulia kwamba Wendell alimpenda yule mbwa kuliko roho yake, ndiyo maana akageuza gari kumfuata nyumbani. Darlene aliwaacha wasimulie.

Alijenga nyumba ndogo kwenye kiwanja kilekile. Lakini Otis hakuwa tena mbwa yule. Upepo wa mashariki ukivuma alasiri, alitetemeka, akatweta, akauparura mlango mpaka kucha zikatoka damu. Darlene alikaa naye sakafuni, amemkumbatia, akimnong'oneza mpaka upepo utulie. Ikawa ndiyo kazi yake.

Jirani yake, Rosalind Pruitt, ndiye aliyemletea mfuko wa biskuti za mbwa zenye CBD, dawa inayokamuliwa kwenye mmea wa bangi.

"Yaani nimvutishe mbwa wangu bangi?" Darlene aliuliza.

"Hazilevyi, mwenzangu. Zingelevya ningezimaliza mwenyewe."

Daktari wa mifugo alisema hawezi kumwahidi kitu, ila aanze na nusu biskuti na amwangalie.

Wiki ya tatu ya biskuti upepo ukaja, madirisha yakatikisika. Otis akainua kichwa, akanusa, akajilaza tena. Akalala fofofo. Darlene akabaki amesimama katikati ya jiko, mikono haina wa kumshika. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, na katika kimya kile akaisikia sauti yake mwenyewe, ile ya siku ya moto, waziwazi, kana kwamba inatoka chumba cha pili. Akawasha redio. Akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Sauti haikukoma. Siku zilizofuata haikungoja hata upepo. Ilimjia akimenya viazi, ilimjia akiwa kwenye foleni dukani.

Alasiri moja ya upepo akamnyima Otis biskuti, kusudi. Mbwa akatetemeka, akauparura mlango, Darlene akamkumbatia, na kweli ile sauti ikanyamaza kidogo. Kisha akaona damu mlangoni. Aibu ikamshika. Akampa biskuti, akampigia simu Rosalind aje.

Rosalind alimkuta mezani na koti lake mwilini, kama mtu anayetaka kutoka.

"Wendell hakurudi kwa kupenda," Darlene alisema. "Alisema hatuna muda. Mimi nikamwambia, kama utamwacha Otis afie mle ndani, basi wewe si mwanamume."

"Akasema nini?"

"Alinishusha kwa wazima moto, akageuza gari."

Rosalind hakumwambia kwamba si kosa lake. Alivuta kiti, akamvua lile koti taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine, akaketi naye mpaka giza lilipoanza kuingia.

Kesho yake upepo ulivuma tena. Rosalind alikuja bila kuitwa, na sweta aliyokuwa akiifuma. Akawa anakuja kila alasiri ya upepo. Otis anaendelea na biskuti zake, na kucha zimepona. Sauti haijamwacha Darlene mpaka leo, na yeye mwenyewe hatarajii imwache.