Kucha Nyekundu kwenye Kipimo cha Presha

Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa moja na nusu asubuhi, fundi cherehani alituma picha ya kipimo chake cha presha kwenye kundi la simu la familia: 118 kwa 76. Namba ilikuwa ya kweli. Mkono haukuwa wake.

Ndugu wanne hupima kila Jumapili na kutuma picha. Baba yao alipata kiharusi akiwa na miaka arobaini na nne, shangazi yao arobaini na sita. Fundi ana arobaini na moja, anashinda amekaa kwenye cherehani, na sigara huizima pale tu anaposikia hatua za mkewe.

Dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, alipiga simu papo hapo.

"Hongera, mdogo wangu. Presha safi. Na rangi ya kucha imekupendeza."

"Rangi gani, dada? Huo ni uzi mwekundu."

"Uzi kwenye kucha zote tano?"

Mkewe alikuwa akisikia. "Mie nilidhani ananijali," alisema. "Nikampa mkono kabisa!"

Kabla ya saa nne dada alikuwa mlangoni. Chai aliikataa. Alimkalisha fundi kitini, mgongo umeegemea, mdomo umefungwa, dakika tano nzima. Fundi alizitumia kumkonyeza mkewe.

"Wifi," alisema mke, "usisahau kukagua kopo lake la vifungo."

Dada alilifungua. Juu vifungo vya mashati. Chini, mfuko wa chumvi. Chumvi ya mezani ilikuwa imepigwa marufuku nyumba ile tangu Januari, na fundi alikuwa akiisifu mboga kila siku bila kukosa.

"Nawashonea watu nguo za harusi," alijitetea, "nashindwaje kuwa na starehe moja?"

Dada alipima mara tatu. 166 kwa 102. 163 kwa 101. 164 kwa 102. Hakuna aliyecheka.

"Baba naye alikuwa anasema yuko fiti," alisema dada. "Kwani unamdanganya nani?"

Fundi alikitazama kile kipimo. "Niliiona namba yangu mwezi uliopita," alisema. "Sikuitaka."

"Hata mimi yangu sikuitaka. Nameza kidonge kila asubuhi, natembea hadi shuleni, naendelea kukusumbua."

Jumatatu dada alimpeleka kliniki mwenyewe. Daktari alisoma orodha ya wagonjwa wa ukoo, akamwambia fundi: "Damu ya baba yako siwezi kuibadilisha. Presha, chumvi na sigara tunaviweza, tena vina uzito mkubwa." Alimwandikia vidonge na kutembea nusu saa kila siku.

Fundi aliuliza kama kukanyaga cherehani kunahesabika. Daktari alisema hakuhesabiki.

Kopo sasa lina vifungo tu. Kanuni ya kundi imebadilika: picha ionyeshe uso. Jumapili hii atapima mkono wake mwenyewe, na Jumatatu ya tarehe 24 atarudi kwa daktari na namba zake zote.