Daraja la Kwanza la Daraja la Tatu

Mama yangu ni fundi saa, na mtu akimuuliza kwa nini anakusanya postikadi za madaraja ya zamani, humjibu, "Na wewe kwa nini unakusanya maneno ya watu?" Anazo mia moja na kumi na mbili, ndani ya mikebe ya biskuti. Ole wako uufungue mkebe na njaa zako.

Ukweli ni kwamba anatafuta moja tu. Babu alikuwa akipaka rangi daraja la kwanza la mji wetu, lile la chuma lililobomolewa likajengwa la pili. Alifariki mama akiwa bado anatambaa, bila kuacha picha hata moja. Lakini mpigapicha aliwahi kupita babu akining'inia na brashi yake, na picha ile ikawa postikadi. Hayo alituambia bibi. Bibi ndiye pia aliyembembeleza mama kila alipochapwa shuleni kwa kuandikia mkono wa kushoto: "Huo ni mkono wa baba yako." Mama aliona anabembelezwa tu.

Mwaka huu tulimpata muuza kadi wa mji mwingine. Mama akampigia simu.

"Nitumie daraja la kwanza, mwanangu."

"Hilo tu, mama? Umepata."

Bahasha ikaleta kadi safi, haina hata kunyanzi, ya daraja la mawe tusilolijua. Mama alikuja juu, akampigia tena kumdai daraja la kwanza la mji wetu! Kumbe kwa wauza kadi, daraja la kwanza ni kadi isiyo na doa.

"Ya mji wenu ninayo," yule bwana akajitetea, "ila ni daraja la tatu. Niliona haya kukuuzia."

"Sikiliza basi. Nataka daraja la kwanza la daraja la tatu!"

Mteja aliyekuwa akisubiri saa yake alinitazama kwa huruma.

Ilifika juzi, ina doa la chai na mkunjo katikati. Mama akavaa lenzi yake ya kazi, akaiinamia. Mkunjo ulikuwa umepita usoni mwa babu, uso umefutika wote. Nilimwonea uchungu.

"Hebu tazama," akanipa lenzi. "Brashi iko mkono gani?"

"Wa kushoto."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachukua simu, kwa mkono uleule, akampigia muuza kadi.

"Mwanangu, hujui kazi. Hii ni daraja la kwanza."