Kidirisha cha Taa ya Chuma

Namshukuru Mungu kwa kunipa mama mkwe ambaye mikono yake haitulii. Siku ile sikushukuru, nasema ukweli.

Alikuwa ameteremka kutoka Marangu kupima presha, na gari la kurudi lilikuwa bado, nikamkaribisha anisubiri maabara, hapa Moshi mjini. Nikamweleza kazi yangu kwa kifupi: ndani ya taa iliyokuwa mbele yetu umeme unageuza chuma kuwa mvuke, atomu zake zinatoa mwanga wa rangi mbalimbali, kila rangi ikionekana kwenye kipimo kama mstari wake, nami napima kila rangi ina nafasi gani ya kutokea. Namba hizo huwasaidia wataalamu wa nyota kujua jua lina chuma kiasi gani. Aliitikia kwa adabu, ila macho yake yalikuwa kwenye kidirisha cha taa, mahali mwanga unapotokea. Kilikuwa na vumbi.

Nikatoka kumtafutia chai. Niliporudi, alikuwa amekipulizia pumzi na anakisugua kwa ncha ya kitenge, kama mtu anayeandaa sahani za Krismasi.

Jamani! Vipimo vya msimu mzima vilikuwa mezani, vya kutumwa jaridani Jumatatu, na katika kazi hii ukishaanza kupima hugusi kitu. Mimi nina hasira za karibu; angekuwa mwanafunzi, ningesikika mpaka Bomang'ombe. Lakini mama mkwe hagombezwi. Nilisema asante, nikamsindikiza kituoni.

Kesho yake, Jumamosi, nikakisafisha kidirisha vizuri kwa spiriti, nikapima upya nikiomba kusiwe na tofauti. Mistari myekundu ilibaki palepale. Ya zambarau ikapanda, tena sana. Nikarudia mpaka mchana, ikawa vilevile. Ndipo nikaelewa kwamba chini ya vumbi lile palikuwa na utando wa mafuta ya pampu inayonyonya hewa ndani ya taa, mwembamba usioonekana, uliokuwa unameza zambarau na kuacha nyekundu ipite. Namba zangu za zambarau zote zilikuwa za uongo, na nilibakiza siku mbili tu nizitume kwa jina langu, watu wazitumie kwa miaka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu mle ndani.

Jumapili baada ya ibada nikapanda Marangu. Nilimkuta kihambani, kati ya migomba, anakata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikamweleza yote, kwamba ameniokoa na aibu kubwa.

Akaweka mundu chini. Akasema tangu kituoni alijua ameharibu kitu, maana asante yangu ilikuwa kavu, na usingizi haukumjia vizuri.

"Sasa mbona hukunigombeza?"

"Mama, ningeanzaje?"

"Binti zangu hunigombeza," akasema. "Na wewe anza."

Kisha akanitwika mzigo wa majani, tukaenda kulisha ng'ombe.