Mbegu Ishirini za Lukresia

Wanzagi hakuwa amewahi kuingia maktaba. Miaka sabini na minne aliishi Butiama, akilima na kuchunga. Karatasi alizishika siku ya ndoa na siku za kupiga kura, basi. Mambo ya kukumbukwa aliyaweka kichwani, na yaliyozidi kichwa alimwachia mkewe, Lukresia.

Lukresia ndiye alikuwa na mbegu. Ulezi ule mwekundu alikuja nao kutoka kwa mama yake siku alipoolewa, kibuyu kimoja. Kila mavuno alitangulia shambani peke yake, akachagua masuke yaliyokunja ngumi vizuri, akayaning'iniza kwenye uchaga juu ya mafiga. Moshi ulifanya kazi yake mwaka mzima. Akipura, mbegu zinarudi kibuyuni, na kibuyu kinarudi uchagani.

Alipofariki, jiko lake lilipoa. Wanzagi akawa anakula kwa Rebeka, mke wa mwanawe, ng'ambo ya ua. Misimu miwili hakupanda ulezi. Nguvu alikuwa nazo. Ila kila akikishika kibuyu, mkono unakirudisha palepale. Majirani walishahamia mahindi, na ulezi ule haukuwepo kwingine. Mbegu za kibuyuni zikifa, ndiyo basi tena.

Jumapili moja katekista akatangaza baada ya misa: kile chuo kidogo cha kilimo, Buhare, maktaba yake ina huduma mpya. Kuna kompyuta, kuna vitabu vinavyojisoma kwa sauti, na kuna kabati la mbegu za asili. Hata asiye mwanafunzi anaazima.

"Kitabu unarudisha," alisema Baltazari wakitoka kanisani. Huyu na Wanzagi walitahiriwa siku moja, kwa hiyo kuchokozana ni haki yao. "Mbegu ukishaimwaga shambani unarudisha nini? Udongo?"

"Nitauliza."

"Na umri huo unaanza chuo. Usisahau kununua yunifomu."

Jumatatu Wanzagi akapanda basi na kibuyu mapajani. Kufika Buhare, akavua ndala mlangoni mwa maktaba. Mkutubi, Hafidha, binti wa fundi cherehani wa Musoma mjini, akainuka mezani kwake.

"Shikamoo babu. Ingia na viatu tu."

"Marahaba. Nyumba ni safi."

Akaeleza shida yake kwa maneno machache. Hafidha akamwonyesha kabati, chupa za kioo zimepangwa, kila moja na jina. Unaazima kikombe kimoja, mavuno yakija unarudisha viwili.

"Hizi zako nazipokea kwa furaha, babu. Ila tuzipime kwanza kama ziko hai. Zilikuwa zinakaa wapi?"

"Juu ya mafiga."

"Na moto unawaka?"

Wanzagi akatazama kibuyu. "Ulikuwaga unawaka."

Hafidha akakifungua kibuyu. Alihesabu mbegu ishirini kwa ncha ya kalamu, akazipanga kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, akazifunika, akaiweka sahani dirishani penye joto. Wanzagi akakodoa macho. Kuloweka, kufunika, kuweka penye joto: kazi hiyo aliiona kwa Lukresia kabla ya kila harusi na kila siku ya kulima kwa ujima. Hicho ni kimea. Cha pombe. Na huyu binti amejifunga mtandio wake vizuri kabisa. Akangoja kipimo chenyewe, labda kwenye zile kompyuta. Hakikuja. Watu wote walikuwa wamenyamaza, naye akanyamaza.

"Rudi Ijumaa asubuhi, babu."

Jioni akamwambia Baltazari, "Wanapika pombe mle."

"Maktaba?"

"Kimea nimekiona kwa macho."

"Kiasi gani?"

"Mbegu ishirini."

Baltazari alicheka mpaka akashika nguzo. "Hiyo ni pombe ya sisimizi." Lakini Ijumaa alikuwa kituoni kabla ya mwenzake, amevaa koti la sikukuu. Alisema anasindikiza tu.

Walipofika, Baltazari akachomoa kikombe cha bati kutoka kwenye koti, akakiweka juu ya meza ya mkutubi.

"Mwanangu, tumekuja. Kimeiva?"

"Nini, babu?"

"Kile kimea." Akaonyesha dirishani.

Hafidha alijiziba mdomo kwa pindo la mtandio. Mabega yakamtikisika. Wanafunzi wakainua vichwa.

"Babu, baba yangu akisikia hivyo atanishonea mlango nisitoke tena. Kipimo chenyewe ndiyo hicho. Mbegu ikiwa hai inachipua, ikiwa imekufa inaoza."

Wanzagi akaisogelea sahani. Kumbe. Kimea cha mbegu mfu huoza, nani asiyejua? Miaka yote ile Lukresia alikuwa anapima mbegu zake, na wao wanakunywa tu.

"Funua," alisema.

Hafidha akafunua. Vimizizi vyeupe, vyembamba kama uzi, vilikuwa vimesimama juu ya kitambaa.

"Kumi na saba, babu."

Wanzagi akahesabu mwenyewe, kwa kidole, kwa sauti. Akarudia tena. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Akamimina vikombe viwili vya mbegu kutoka kibuyuni kwenye chupa ya kioo, akaweka dole gumba kwenye kadi. Hafidha akachukua sahani. "Hizi huwa tunazitupa."

"Hazitupwi."

Akazikunja ndani ya kitambaa chao kibichi, akazilaza kwenye kikombe cha Baltazari, akakipakata hadi Butiama.

Rebeka aliwakuta wazee wawili wamepiga magoti mbele ya jiko la mama mkwe wake, wakitoboa ardhi kwa kijiti.

"Baba, tangu lini ulezi ukapandwa mmoja mmoja kama kitunguu?"

"Tangu leo."

"Haya. Na masuke yake mtayaning'iniza wapi? Mimi napikia gesi."

Wanzagi akaelekeza kidevu kwenye uchaga. Rebeka akaingia ndani, akaanza kufagia mafiga.

Baltazari akajipangusa magoti. "Mimi naenda. Kikombe changu?"

"Kimeazimwa," alisema Wanzagi. "Mavuno yakija unarudishiwa viwili."