Misri ya Sapiwi

Kasmiri ndiye mtu wa kwanza kijijini Sapiwi kumuuzia pamba mnunuzi binafsi ushirika ulipoanza kuyumba, na tangu siku hiyo aliamini kila jipya limeletwa kwa ajili yake. Kwa hiyo wataalamu walipoitisha semina Bariadi mjini kuhusu maji ya Mto Naili, yeye ndiye aliyetuwakilisha. Alirudi na kofia, fulana na balaa.

Alitueleza kwamba mto wetu unamwaga maji Mto Simiyu, Simiyu unamwaga ziwani, na maji ya ziwa yanateremka hadi Misri. Wakoloni waliacha mkataba: wa juu asiguse maji mpaka wa chini aridhie. Wenzake kwenye semina walinuna. Kasmiri peke yake aliona uzuri wake, maana kisima chake kilikuwa chini ya vyetu vyote.

Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu. Kila kaya huchimba kisima humo na kunywesha ng'ombe hapo. Mwaka ule jua liliwaka vibaya na maji yalitoka kwa kusuasua, ndipo Kasmiri akatangaza kuwa wa juu wote wafukie visima au waje kuomba ridhaa yake. Nilitamani kumzaba kibao.

Nyanjige, mjane mwenye kisima jirani na chake, alimsikiliza hadi mwisho, akasema mkataba ni mzuri na tutauheshimu. Jioni tukafukia. Alfajiri tukahamia sote chini ya kisima cha Kasmiri, tukachimba upya huku tukicheka hadi mbavu zikauma.

Kasmiri alipofika na maksai wake, akajikuta yeye ndiye wa juu.

Alipoinua ndoo tukamuuliza ridhaa iko wapi. Akafoka kwamba huo ni uhuni. Tukamuuliza semina ilisemaje. Akaivutavuta fulana yake ya Naili, maksai wakilamba mchanga. Bila hao hakuna kulima, na mmoja alikuwa ameshapiga magoti. Hapo nilimhurumia, sikatai.

"Mayu, mama yetu," alimwambia Nyanjige kwa sauti ndogo, "naomba ridhaa ninyweshe kisimani kwangu."

Kwetu ng'ombe mwenye kiu hanyimwi maji, hata mwenyewe awe mpuuzi kiasi gani. Nyanjige akachukua ndoo mkononi mwa Kasmiri, akawachotea maksai yeye mwenyewe.

"Semina ikirudi," alisema, "waambie Wamisri kwamba na wa juu ana ng'ombe."