Ugali wa Majani ya Lori

Baba alipolilima shamba la mtama la bibi, mama yake mzazi, akapanda ngano, bibi hakugomba. Ila tangu siku hiyo ngano aliiita majani ya lori. Na kweli, kila mavuno lori lilipanda hadi kijijini kwetu Mbulumbulu, likabeba magunia yote, sisi tukabaki na makapi. Nyumbani hakuna aliyewahi kuipika. Watoto tulitafuna punje mbichi mpaka zikawa kama ulimbo mdomoni, basi.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Ina ladha gani hata lori likaifuata mpaka huku? Mama alinijibu, "Kachote maji." Bibi ndiye aliyesema, "Hata mimi ningependa kujua nimenyang'anywa mtama wangu kwa ajili ya kitu gani." Maneno hayo yaliniingia. Nikaamua bibi ataijua.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nina miaka tisa hivi. Wavunaji walipomaliza, niliokota masuke yaliyodondoka, siku tatu, kikapu kikajaa. Nikayapiga kwa fimbo, nikapepeta, nikasaga kwenye jiwe la bibi. Unga ukatoka wa kahawia, si mweupe kama wa dukani Karatu. Nilikasirika, nikidhani nimeuharibu.

Hata hivyo nikasonga ugali, maana unga ni unga. Lo! Mwiko ulinasa katikati. Nilipouvuta, chungu kizima kikainuka nao.

"Chungu changu!" mama akapiga kelele. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Nilimpakulia, nikamkodolea macho. Alitafuna, akahamishia shavu la pili, akatafuna tena.

"Tamu, bibi?"

"Ngoja, mjukuu wangu. Bado haijaamua kushuka."

Nilitamani kulia. Siku tatu za kuinama, na hakuipenda. Lakini bibi hakuisukuma sahani. Alimwita baba.

"Mwanangu, kaa hapa. Kula."

Baba alikata tonge. Akatafuna, akatafuna, jasho likamtoka, na bibi akamsubiri hadi akameza.

"Ndicho hiki?" bibi akamuuliza kwa upole.

Baba aliitazama sahani.

Msimu uliofuata, akilima kwa maksai, baba aliwageuza kabla hawajafika kona ya chini ya shamba. Nilishangaa, nikadhani wamechoka. Kumbe bibi alikuwa ameshasimama pale kwenye kona, na kibuyu chake cha mbegu za mtama.